Kozi na fakiri: kwa nini ndege nzuri za Italia ziliishia moja moja

Tarehe 12 Juni 1955, huko Kansas, Marekani, kampuni ya Cessna ilirusha kwa mara ya kwanza ndege ndogo ya viti vinne ambayo dunia ilikuja kuijua kwa namba 172. Siku tatu baadaye, tarehe 15, Italia nayo ikarusha ndege yake ndogo: viti viwili, mbao tangu puani hadi mkiani, jina lake Falco, yaani kozi. Ziegeshe ubavu kwa ubavu, kisha mwite mtoto yeyote achague. Ile ya Marekani imesimama kama meza, bawa juu ya kichwa, mwimo mmoja kila upande, magurudumu yananing'inia. Falco ina kiwiliwili kama cha jodari, mabawa mafupi ya mita 8 kutoka ncha hadi ncha, na magurudumu inayoyakunja ikishapaa. Ikiwekewa injini ya nguvu za farasi 160 ilikaribia kilomita 325 kwa saa. 172 ya kwanza, yenye farasi 145, ilijikongoja chini kidogo ya 220.

Cessna 172 zimeshajengwa zaidi ya 44,000 na bado zinajengwa. Falco za kiwandani hazikufika mia.

Wapenzi wa ndege za Italia wana jibu lao la haraka kwa hesabu hiyo: dunia haina jicho la uzuri. Watakutajia ndege iliyojengwa moja tu ikaishia jumba la makumbusho, mchoro uliolala kabatini hadi mwenyewe akafa, kampuni iliyofunga milango mwezi mmoja kabla ya kuuza ya kwanza, na kila mara mlaumiwa ni yuleyule, mnunuzi mshamba. Nimeisikia hoja hii mpaka nimeichoka. Kwa maoni yangu ndege hizo hazikuuawa na washamba. Ziliuawa na namna wabunifu wake walivyokuwa wakipata riziki, na ushahidi ni kwamba Muitaliano mwingine, wa zama zilezile, aliyeanza na karakana isiyo na jina, alifika.

Tuanze na yule anayependwa. Falco ni kazi ya Stelio Frati, mwana wa Milano, aliyezaliwa 1919, akahitimu uhandisi katika Politecnico ya mji huo mwaka 1943 vita vikiwa vimepamba moto, na kufariki 2010. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Frati hakuwa mtu wa kiwanda chochote. Alikuwa kama fundi cherehani mwenye jina: anachora, anauza mchoro, anaanza mwingine. F.4 Rondone, jamaa wa mbayuwayu, ikaenda kwa kiwanda cha Ambrosini. F.5 kwa Caproni ya Trento. F.6 Airone, yaani korongo, yenye injini mbili, ikaenda kwa Pasotti wa Brescia mwaka 1954, ikajengwa moja. F.9 Sparviero, kipanga, kwa Pasotti yuleyule mwaka 1956, ikajengwa moja. Falco ikaanzia Aviamilano, ikahamia Aeromere, ikamalizikia kwa Laverda. F.14 Nibbio, mwewe, ilikuwa Falco iliyonenepeshwa ichukue watu wanne. Zikajengwa kama kumi. F.15 Picchio, kigong'ota, ikaenda kwa Procaer.

(Kiswahili kinanipa raha hapa ambayo Mtaliano hana. Kwetu ndege ni ndege, wa manyoya na ya injini. Ngeli tu ndiyo inayoamua kama unazungumzia mayai au mafuta. Ukiisoma orodha ya Frati kwa lugha yetu unadhani umeshika kitabu cha wanyama wa mwituni.)

Tazama pia namba. Miongoni mwa ndege zake zinazojulikana, hesabu inakwenda 4, 5, 6, 7, 8, 9, halafu inaruka hadi 14 na 15, halafu 20, halafu 22. Anayezoea kusoma orodha za wabunifu hujifunza kusoma mapengo. Katikati ya namba mbili zilizoruka ndimo mlimo na makaratasi: mawazo yaliyofika kwenye meza ya mteja yakarudishwa, au hayakutoka mezani kabisa. Mara nyingine aliacha hata kuhesabu kwa mfululizo, akaipa ndege namba ya nguvu zake. F.250 ilikuwa na injini ya farasi 250. F.400 ilikuwa jeti ya msukumo wa kilo 400. Namba ya namna hiyo haisemi ndege imetanguliwa na ipi, inasema mteja atapata nini.

Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja seremala wa Temeke, ambaye amenitengenezea rafu za vitabu, picha za watu waliokuwa wakijenga Falco. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akakaa nayo muda. Ilikuwa picha ya ukingo wa mbele wa bawa: karatasi ya plaiwudi, nyembamba kama jalada la daftari, imeloweshwa maji, imepindwa juu ya mbavu za mbao na kubanwa kwa jiriwa nyingi kuliko alizo nazo yeye karakana nzima. Pale ambapo karatasi mbili zilikutana, kingo hazikugonganishwa. Kila moja ilikuwa imepigwa randa kwa mteremko mrefu hadi ikaisha kama ukucha, ili ya juu ilale juu ya ya chini na gundi ipate mahali pa kushika.

"Hapa hakuna msumari?" aliuliza.

"Hakuna, mzee. Gundi tu."

"Na ukikosea mteremko?"

"Unatupa ubao."

Akanirudishia simu. "Mwanangu, kazi ni nzuri. Sasa huyu fundi anakula nini siku anapongoja gundi ikauke?"

Sijasoma mchambuzi wa masuala ya anga aliyeliuliza swali hilo vizuri hivyo. Bawa la mbao la Frati lilikuwa laini kwa sababu halikuwa na ribiti hata moja, na ulaini huo ndio uliompa mwendo wa bure. Hewa ilipita juu yake kama mkono juu ya hariri. Lakini ulaini ulilipiwa kwa siku za mafundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Italia ya kaskazini ilikuwa na maseremala hodari wa samani na ujira wao ulikuwa mdogo. Kufika miaka ya mwanzo ya 1960 uchumi ulikuwa umefumuka, viwanda vikawagombania watu haohao, na ndege iliyohesabiwa kwa ujira wa jana ikawa inajengwa kwa ujira wa leo. Picchio ilijaribu kukwepa mtego kwa kugandisha ngozi nyembamba ya alumini juu ya mbao. Ni suluhisho la kiakili sana, na ni la mtu asiyetaka kuacha mbao. Kule Kansas walikuwa wakikata mabati kwa mashine na kuyapiga ribiti, na kijana aliyefundishwa kwa wiki chache aliweza kufanya kazi hiyo.

Halafu injini. Falco iliruka kwa injini za Marekani, kwanza Continental, baadaye Lycoming. Kwa hiyo kila kiwanda kidogo cha Milano au Trento kilipotaka kumuuzia Mmarekani ndege, kilikuwa kimeshamlipa Mmarekani huyo kwa kitu cha bei kubwa kuliko vyote vilivyomo ndani yake, na kwa dola. Aeromere waliipa Falco yao jina la America kabisa, kwa matumaini. Mtu anayenunua unga kwa jirani kisha akamuuzia jirani huyohuyo chapati ana kazi.

Soko la nyumbani lilikuwa wapi? Klabu za urubani, basi. Baada ya vita klabu hizo ziliishi kwa mgao: ndege za Stinson L-5 zilizoachwa na jeshi la Marekani, na zile za Aermacchi MB.308, ambazo watu waliziita Macchino, zilizoruka kwanza Januari 1947 na kununuliwa na serikali kwa makumi ili kuzigawia klabu. Nani anunue kozi huku kuku wa bure wamejaa uani? Na wale wachache waliokuwa na fedha zao walikuwa na kishawishi kingine. Mwaka uleule wa 1955 Fiat ilizindua gari lake la 600.

Hapa lazima niseme neno juu ya vita vyenyewe, maana bila hivyo habari hii haieleweki. Mkataba wa amani uliosainiwa Paris tarehe 10 Februari 1947 uliibana Italia: jeshi lake la anga lisizidi ndege 200 za kivita na upelelezi na 150 za uchukuzi, na ndege za mabomu zisiwepo kabisa. Taifa lililokuwa na jeshi zima la wahandisi wa anga likabaki na wahandisi bila jeshi. Wengine walichora ndege ndogo. Wengine waliacha hewa, wakashuka chini, na huko ndiko walikoitajirisha nchi.

Corradino D'Ascanio ni mfano unaotuhusu. Oktoba 1930, katika uwanja wa Ciampino karibu na Roma, helikopta aliyoibuni ilining'inia hewani kwa dakika 8 na sekunde 45, ikasafiri mita 1,078, ikapanda mita 18. Zote zilikuwa rekodi za dunia. Baada ya vita, Piaggio, waliokuwa wakitengeneza ndege huko Pontedera, walimwomba abuni pikipiki. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki, kwa hiyo akaunda kitu kisichofanana nazo: gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama mguu wa ndege, ili tairi lifunguliwe kwa urahisi. Vespa ikatoka 1946. Vespa maana yake nyigu. Mwaka 1948 ikafuata Ape, nyuki, ya magurudumu matatu. Kampuni ya Bajaj ya India ilichukua leseni ya Piaggio, na kutoka kwenye ukoo huo wa nyuki ndipo ilipotoka bajaji. Mpemba anayeibembeleza vespa yake na kijana anayekatiza magari Kariakoo na abiria watatu nyuma, wote wamekalia kiti kilichotokana na helikopta iliyokosa soko.

Ermenegildo Preti naye, mbunifu wa ndege zisizo na injini aliyetoka kwenye chuo kilekile cha Frati, aliishia kubuni Isetta ya kampuni ya Iso, kile kigari cha 1953 ambacho mlango wake ni uso mzima wa mbele, na ambacho BMW walikinunulia leseni. Francis Lombardi, rubani ambaye mwaka 1930 alisafiri kutoka Italia hadi Mogadishu kwa kindege cha Fiat AS.1, alijenga mamia ya ndege nyepesi za FL.3 pale Vercelli kisha akageuka kuwa mtengeneza mabodi ya magari. Ukiwauliza hawa, ndege isiyojengwa haikuwa msiba. Ilikuwa mafunzo.

Turudi kwa Frati na wateja, maana kuna kisa kinachoonyesha tatizo waziwazi: jeti zake. F.5 iliruka tarehe 20 Mei 1952. Jeti ya mbao, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, injini ya Turbomeca Palas yenye msukumo wa kilo 150. Ni kichekesho kitamu, na nina hakika rubani wake alicheka aliposhuka. Lakini jeshi lililotakiwa kuinunua lilikuwa linatafuta shule ya marubani wa jeti halisi, na hitaji hilo lilijibiwa na Ermanno Bazzocchi wa Aermacchi kwa MB.326, iliyoruka Desemba 1957 ikiwa ya chuma na injini ya Viper, ambayo kwenye ndege za kiwandani ilisukuma zaidi ya kilo 1,100. Italia ikanunua, na Afrika Kusini, na Zaire, na Zambia. F.5 ilibaki moja. Sasa Frati akafanya nini? Mwaka 1960 akaja na F.400 Cobra, jeti nyingine ndogo, ya Procaer, miaka mitatu baada ya mlango kufungwa. Ilibaki moja. Mwaka 1987 ikaruka F.1300 Jet Squalus, jina la papa safari hii, ya kampuni ya Ubelgiji iitwayo Promavia. Nayo haikufika kwenye uzalishaji na kampuni ikafa. Mara tatu mtu yuleyule aliuza wazo lilelile, jeti ndogo ya bei nafuu ya kufundishia, kwa wenye fedha watatu tofauti, katika miongo tofauti, na kila mara akaanza upya. Wanaomhurumia husema alitangulia wakati wake. Mimi naona alikuwa kwenye wakati wake kabisa, ila hakuwa na mahali pa kusimama kati ya jaribio moja na jingine.

Na pale alipofaulu, angalia mteja ni nani. F.250 iliruka tarehe 15 Julai 1964, moja tu, kwa Aviamilano. Ilikuwa damu ya Falco katika mwili wa chuma. SIAI-Marchetti, kiwanda kikubwa chenye mtaji, wakaichukua, wakaitia injini ya farasi 260 na kuiita SF.260. Zilijengwa zaidi ya 800. Waungwana wawili wa kwenda baharini wikiendi hawakuwa wengi vya kutosha, lakini majeshi yalikuwepo. Ikatengenezwa aina iitwayo Warrior, vishikio vya silaha chini ya mabawa, na ndege iliyozaliwa ichezee angani ikatumwa vitani. Zaire ilikuwa nazo, Burundi, Uganda, Zambia. Utawala wa Ian Smith kule Rhodesia ulizipata licha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, ukazipa jina la kificho la Genet, yaani kanu, na kuzitumia dhidi ya wapigania uhuru waliokuwa wakiungwa mkono na nchi za mstari wa mbele. Kwa hiyo, tunapolia juu ya michoro ya Frati iliyokosa mnunuzi, tukumbuke na uliompata.

Piaggio P.149 ilipita njia hiyohiyo mapema zaidi. Ilianza 1953 kama ndege ya kutembelea ya watu wanne, na ingekufa kimyakimya kama si Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikiunda jeshi jipya la anga, kuitaka kwa mafunzo: zaidi ya 250, nyingi zikijengwa Ujerumani kwa Focke-Wulf. Kutoka huko baadhi zikafika Tanzania na Uganda. Karatasi ya mnunuzi mmoja mkubwa ilifanya kazi ambayo vipeperushi vya rangi havikuweza.

Sasa tushuke Napoli. Luigi Pascale, aliyezaliwa 1923, na ndugu yake Giovanni, walijenga ndege yao ya kwanza, P.48 Astore, kwa mikono yao, ikaruka 1951. Mwaka 1955, ule mwaka wa Falco, Pascale naye alikuwa na kozi wake: P.55 Tornado, ndogo, ya kasi, nzuri kama chochote alichochora Frati. Ilijengwa moja. Hapo ndipo njia zao zinapoachana. Miaka miwili baadaye Pascale akatoa P.57 na kuibatiza jina ambalo Mswahili halihitaji kamusi kulielewa: Fachiro. Fakiri. Bawa liko juu, mwili wa mabomba ya chuma uliovikwa kitambaa, magurudumu yaliyochomekwa hapo yalipo. Kutoka kimbunga hadi fakiri ndani ya miaka miwili. Sijui mbunifu mwingine aliyekiri kwa jina la ndege yake kwamba amebadili nia.

Kuanzia hapo hakuchora upya, alirekebisha. Fakiri alipovuliwa kitambaa na kuvishwa bati, ikawa P.64 Oscar ya 1965, ambayo hata Afrika Kusini waliijenga kwa jina lao. Oscar ilipoongezwa injini ya pili na urefu, ikawa P.68, iliyoruka tarehe 25 Mei 1970: injini mbili za farasi 200, bawa juu, na magurudumu yasiyokunjwa, jambo ambalo wauzaji wa ndege za injini mbili waliliona aibu. Zimejengwa zaidi ya 400. Kampuni ya ndugu hao, Partenavia, ilimezwa na shirika la serikali la Aeritalia mwaka 1981, ikauzwa baadaye, ikafilisika, ikafufuliwa na wengine kwa jina la Vulcanair. Ndugu wale hawakukaa kulilia. Mwaka 1986 walishaanzisha Tecnam. P92 ya 1993 ni ndege ya bawa la juu, na ukiitazama kwa makini utamwona fakiri akikutazama kutoka ndani. Pascale alifariki 2017 akiwa na miaka 93, na kiwanda chake cha Capua kilikuwa kinazalisha.

Kwa nini yeye aliweza kusubiri na Frati hakuweza? Wengi husema chuma dhidi ya mbao, au Napoli ya ujira mdogo dhidi ya Milano. Nadhani jibu liko kwenye mshahara. Pascale alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Napoli. Mwisho wa mwezi ulipofika alikula, ndege iuzwe isiuzwe. Aliweza kuikalia ndege ileile miaka 10 akiipunguzia hili na kuiongezea lile. Frati alikula michoro. Anayekula michoro hawezi kumwambia mteja mpya, "ile ya zamani bado nzuri, tuiboreshe". Ile ya zamani ilishauzwa kwa mtu mwingine. Lazima alete mpya. Na kwa kuwa alikuwa na kipaji kikubwa kupita wote, kila mpya ilikuwa nzuri, na kila mpya ilianza na sifuri: karakana mpya, mafundi wapya, cheti kipya, deni jipya.

Wala si kweli kwamba unyenyekevu peke yake hutosha. Mario de Bernardi alikuwa rubani aliyeshinda kombe la Schneider, la mbio za ndege za kutua majini, mwaka 1926 kule Marekani, na mwaka 1928, juu ya maji ya Venezia, akawa wa kwanza kuvuka kilomita 500 kwa saa. Uzeeni alitaka kinyume cha yote hayo: ndege ya mtu wa kawaida, ya bei ya pikipiki, aliyoiita Aeroscooter. Pascale alimsaidia mwanzoni, kisha De Bernardi akaendelea nayo mwenyewe. Tarehe 8 Aprili 1959, huko Roma, akiwa na miaka 65, alipanda nayo kuwaonyesha watu inavyopinduka angani. Moyo ukamshika huko juu. Aliishusha salama, na dakika chache baadaye akafa. Aeroscooter nayo haikupata soko. Ilikuwa na jina kubwa, bei ndogo na nia njema, lakini nyuma yake hakukuwa na kiwanda chenye subira.

Nikubali pia kinachonipinga. Frati angekuwa profesa mwenye mshahara, huenda tusingekuwa na SF.260, na hakika tusingekuwa na hadithi ya mwisho ya Falco. Kampuni ya Sequoia ya Richmond, Virginia, ilichukua mchoro ule wa 1955, ikauchora upya karatasi kwa karatasi na kuuza vifurushi kwa watu wa kujijengea nyumbani. Wahasibu, madaktari na marubani wastaafu wakapinda plaiwudi kwenye magereji yao kwa miaka. Swali la mzee wa Temeke likapata jibu ambalo hakuna kiwanda kingeweza kulitoa: fundi huyu hali kitu anapongoja gundi, maana anafanya kwa mapenzi na ana kazi nyingine mchana.

Fakiri naye alipanda cheo. Mwaka 2007 Tecnam ilirusha P2006T, injini mbili ndogo za Rotax za farasi karibu 100 kila moja, zinazokubali petroli ya magari. Anayejua adha ya kutafuta mafuta ya ndege kwenye viwanja vyetu vya mikoani ataona maana yake mara moja. NASA walipotaka kiwiliwili cha kujaribia ndege ya umeme, waliichagua hiyo. Mradi ukaitwa X-57 Maxwell. Bawa la mwisho lilichorwa jembamba, na mota 14: 12 ndogo zimepangwa ukingoni na 2 kubwa nchani. Lilikuwa bawa zuri sana kwenye mchoro. Mwaka 2023 mradi ukafungwa, na ndege ile iliyotoka kwa Pascale, mtu aliyeacha kufukuza uzuri tangu 1957, ikabaki hangani California bila kupaa hata mara moja.